Kuku kwa Kuku

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Kutoka 21:35-36 na Mathayo 5:23-24

Ninyi mlio njiani kwenda kuchuma majani huku umande ukilowesha aproni zenu, ninyi akina mama mlio jikoni, nanyi mlio wagonjwa vitandani, hamjambo? Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Leo nataka kusema nanyi juu ya kuku. Najua wengine wenu mmeanza kucheka, maana sisi makasisi tuna sifa yetu kwa habari ya kuku. Huku kwetu Kericho na Bomet watoto hutania kwamba jogoo akimwona kasisi anapanda kilima, Biblia kwapani, hukimbilia kwenye mahindi bila kufukuzwa na mtu. Sikatai. Nimekula kuku katika nyumba nyingi, na nimekula kwa shukrani. Lakini asubuhi hii sitawaambia habari za kuku niliowala. Nitawaambia habari za kuku wanne niliowauza.

Kwanza tukumbuke kuku ni nini katika boma. Wazee wetu Wakipsigis walihesabu mali kwa ng'ombe, na kuku hakuwa kitu cha kutajwa mbele ya wazee. Hata leo mzee akiulizwa ana mifugo mingapi, atataja ng'ombe, atataja kondoo, kisha atanyamaza. Lakini mwulize mkewe. Majani hulipwa mwisho wa mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka, na mara nyingi huandikwa kwa jina la baba. Katikati ya hapo chumvi yanunuliwa na nani? Sabuni, kalamu ya mtoto, nauli ya kwenda hospitali Longisa au Tenwek? Yanunuliwa na yule kuku anayechakura nyuma ya jiko. Katika sensa ya mwaka 2019 serikali ilihesabu zaidi ya kuku milioni 30 wa kienyeji katika Kenya yetu. Wengi wao hawako katika mashamba makubwa. Wako nyuma ya nyumba, kumi hapa, sita pale, na mwenye kuwajua mmoja mmoja kwa rangi ni mama. Kwa hiyo kuku wa mama wakifa, usiseme ni nyama tu iliyopotea. Ni mfuko wake umetobolewa.

Basi sikilizeni. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa na kuku majike tisa. Nikaenda sokoni nikaona jogoo mzuri, mwekundu, mwenye kifua kipana, nikamnunua ili nipate mbegu bora. Wahenga wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi sikumfunga kamba wala sikumtenga. Jioni ile ile nikamwachilia kati ya wenzake, nikasimama nikimtazama kwa furaha.

Siku ya tano kuku wawili wakaanza kusinzia. Manyoya yaliwasimama, mabawa yakaning'inia, na kinyesi chao kilikuwa cha kijani. Nami niliujua ugonjwa huo tangu utoto wangu, maana ulipata kumaliza kuku wote wa mama yangu katika juma moja. Ni kideri, ule ambao Wazungu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Hapa Kenya uliandikwa mara ya kwanza Mombasa mwaka 1935, na tangu hapo umepanda hata milimani kwetu. Hauna dawa. Ukiingia kwa kuku wasiochanjwa, katika kumi waweza kuua wanane, au tisa, au wote.

Nililijua hilo. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikuwa amekwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikahesabu hasara yangu, nikakumbuka karo ya shule ya mwezi wa Januari, nikaona kuku wanne ambao bado walisimama vizuri. Nikamwita mwanangu, nikamwambia awapeleke sokoni mapema. Mtoto akaniuliza, "Baba, wakiniuliza kama ni wazima, niseme nini?" Nikamjibu, "Sema wanakula vizuri." Na kweli, wapendwa, asubuhi ile walikuwa wamekula. Nilimfundisha mwanangu kudanganya kwa neno la kweli.

Mtoto akarudi na fedha. Wawili walinunuliwa na mchuuzi mmoja aliyekuwa akipakia matenga ya kuku katika gari. Wawili wengine walinunuliwa na kogo mmoja, mjane, mshiriki wa kanisa letu, anayekaa ng'ambo ya kijito. Mwanangu alisema kogo hakuwaangalia hata machoni. Aliwachukua akasema, "Hawa ni kuku wa Kasisi, hawana shaka."

Kuku wangu waliobaki nyumbani walikufa, isipokuwa mmoja. Na baada ya siku kumi habari zikavuka kijito. Kogo alikuwa na kuku wake 11, na alinunua wale wawili ili waongeze mayai. Wote 13 walikufa. Wengine walipinda shingo hata kichwa kikatazama nyuma, na alipoona hivyo akaogopa. Watu wakamwambia huo si ugonjwa wa kawaida, hilo ni jicho baya. Wakaanza kutafuta mwenye jicho. Wakakumbuka kwamba mama mmoja jirani, mchumaji wa majani ambaye si wa kabila letu, alipita karibu na boma juma lile, akawasifu kuku wale kwamba wamenona.

Ninyi mnaoijua nchi hii ya majani, ambamo Mkipsigis, Mluo, Mluhya na Mkisii wamechuma mstari mmoja tangu zamani, na ninyi mnaokumbuka mwaka 1992 na mwanzo wa mwaka 2008, hamhitaji niwaeleze neno la namna hiyo laweza kufika wapi. Watu wakaacha kumsalimu yule mama. Watoto wake wakakatazwa kuteka maji njia ile. Naye kogo akatuma mtu aje kwangu, anisihi niende nikaombe ili uovu utoke katika boma lake.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya kibanda kitupu cha kuku, manyoya bado yako chini, nikaomba. Niliomba kwa sauti kubwa. Kisha nikanywa chai yake, nikarudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Yule mama mchumaji alikuja kanisani na watoto wake, akaketi benchi la nyuma, na benchi lile halikukaliwa na mtu mwingine. Nilipofika mahali pa kuwaalika wanaotubu kweli na wenye amani na jirani zao waje mezani, sauti ilinikwama. Nikakumbuka Bwana Yesu alivyofundisha katika Mathayo sura ya 5: ukifika madhabahuni na sadaka yako, nawe ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo nawe, iache sadaka pale pale, uende mkapatane kwanza. Mimi sikuiacha. Niliendelea, kwa kuwa niliona haya mbele ya watu. Huo mkate nilioumega siku ile sijausahau.

Jioni nikafungua Agano la Kale, kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulipita haraka katika sura hiyo, maana ni sheria za ng'ombe na punda, na vijana hupenda Warumi kuliko ng'ombe. Lakini mistari ile ya 35 na 36 ilinisubiri. Yasema kwa maana hii: ng'ombe wa mtu akimwua ng'ombe wa jirani, watu wale wawili watamwuza aliye hai, wagawane fedha, na yule aliyekufa wamgawane pia. Ni ajali, na hasara ni yao wote wawili. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba ng'ombe yule ana desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe hakumzuia, basi huyo hana wa kugawana naye hasara. Atalipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Wapendwa, tofauti ya kesi hizo mbili ni nini? Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Tofauti ni kwamba wa pili alijua. Kama ningemwuza kuku nisijue, ingekuwa ajali, na mimi na kogo tungelia pamoja. Lakini nilijua Ijumaa, nikauza Jumamosi.

Asubuhi ya Jumatatu nikavuka kijito. Nilimkuta kogo akipepeta maharagwe. Nikamwambia yote, kuanzia jogoo mwekundu mpaka lile neno la "wanakula vizuri". Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua, Kasisi?"

"Nilijua, kogo."

Nilitazamia anifukuze. Akaweka ungo chini akasema, "Kuku nitafuga wengine, mwanangu. Lakini yule mama nimemnyima moto siku ngapi hizi? Twende." Akachukua fimbo yake, akatangulia mbele.

Tukamkuta yule mama mlangoni pake. Kogo akasema yake, nami nikasema yangu. Yule mama akatusikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema zaidi siku ile, wala sikuwa na haki ya kumdai zaidi. Jumapili nikasimama mbele ya washiriki, nikawaambia kwamba katika boma la kogo hapakuwa na jicho baya. Palikuwa na kasisi asiyesema kweli. Wahenga walisema, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Nami siku ile miguu yote ilinielekea mimi. Watu wachache waliacha kuja kanisani kwa muda. Yule mama hakuacha. Lakini ilifika Pasaka ndipo nilipomwona kogo ameketi naye benchi moja, wamefunikwa kitenge kimoja kwa ajili ya baridi.

Ikabaki kulipa. Fedha za wale wawili nilimrudishia kogo siku ile ile. Wale wake 11 niliwalipa kuku kwa kuku, lakini si kwa haraka, maana afisa wa mifugo alinionya kwamba kuleta kuku wageni mahali palipotoka kideri ni kuwaleta machinjioni. Tukafagia vibanda vyote viwili, tukachoma takataka, tukaviacha vitupu kwa miezi miwili. Kisha nikanunua vifaranga waliokua kidogo, nikawachanja, nikawaweka kwangu majuma matatu, ndipo nikampelekea wanne wanne mpaka hesabu ikatimia.

Na hapo, wapendwa, nikajifunza jambo ambalo nataka kila msikilizaji mwenye kuku alichukue leo. Chanjo ya kideri ipo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, huko Australia, walitengeneza hata aina inayovumilia joto kidogo, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji kama vyetu. Ni tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne, kama afisa atakavyokuelekeza. Huchanjwa kuku walio wazima, kabla ugonjwa haujafika, maana mwili huhitaji kama majuma mawili kupata nguvu, na aliyekwisha kuugua haimponyi. Nilipokwenda kuinunua katika duka la dawa za mifugo, nikakuta chupa moja ndogo yatosha kuku 100. Nami nilikuwa na mmoja na vifaranga 11! Tena ikishachanganywa haikai. Baada ya saa chache ni ya kumwagwa. Nikasimama pale dukani nikiishika mkononi, nikaona kwamba chupa ile inanihubiria. Haikutengenezwa kwa mtu mmoja. Ukiinunua peke yako, utamwaga karibu yote. Ukiwaita jirani zako, kila mmoja atatoa shilingi chache tu.

Na si fedha tu. Ukichanja kuku wako na jirani asichanje wake, ugonjwa utaendelea kukaa kwenye kilima chenu, nao vifaranga watakaoanguliwa kwako mwezi ujao utawakuta bila kinga. Kuku hawajui mpaka wa shamba. Wa kwako anachakura kwa jirani, wa jirani anakunywa kwako.

Kwa hiyo sasa, kwenye kilima chetu, kila baada ya miezi minne watu huja asubuhi na kuku zao katika matenga, kabla hawajafunguliwa. Afisa huleta chanjo ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Watoto hushika kuku, na yule mama mchumaji ndiye anayetia tone, maana mkono wake hautetemeki. Mwewe bado wapo. Mvua ya mawe na baridi bado huua vifaranga. Lakini kideri hakijarudi kumaliza boma zima.

Ndugu yangu, dada yangu, yachukue haya manne. Ukinunua kuku mgeni, mfunge mbali na wengine kwa majuma mawili au zaidi, ujue hali yake. Kuku akiugua, usimwuze, usimpe mtu zawadi, wala usimtupe kijitoni. Akifa, mchome au mfukie chini sana. Mwambie jirani siku ile ile, ili afungie wake, na umjulishe afisa wa mifugo. Na chanjeni pamoja. Hayo ni mambo ya ufugaji, naam, lakini kwangu mimi ni amri ya kumpenda jirani, imeshuka kutoka mimbarini ikaingia katika kibanda cha kuku. Maana ni rahisi kumpenda jirani kwa maneno makubwa. Upendo hupimwa Ijumaa jioni, unapojua jambo ambalo yeye halijui, na ukinyamaza utapata fedha.

Labda wewe huna kuku. Je, huna jambo unalolijua na kulinyamazia? Unauza shamba lenye kesi, na mnunuzi hajui. Unajua nani aliyechukua fedha za chama, na mwingine ndiye anayesemwa. Kimya chako hakikai mahali pamoja. Kinatembea kama kideri, na mara nyingi kinamwangukia mtu asiye na hatia, mgeni, asiye na wa kumtetea. Vuka kijito leo. Usingoje Jumapili ya pili.

Nitamaliza kwa neno moja. Mtakumbuka niliuza kuku wanne. Wawili wa kogo niliwalipa. Lakini wale wawili wa mchuuzi walipakiwa katika gari, wakaenda. Niliuliza sokoni mara nyingi, hakuna aliyemjua. Pengine waliingia katika boma la mama fulani, Sotik au Kapkatet au mbali zaidi, wakamaliza kuku wake, naye mpaka leo anamshuku jirani. Huyo siwezi kumlipa. Siwezi hata kumwomba msamaha.

Kila mmoja wetu ana kuku wawili wa namna hiyo, ubaya uliokwisha kutoka mikononi mwake asijue ulikofika. Kwa ajili ya hao sina tumaini lingine ila Bwana Yesu. Yeye, akiutazama mji uliokuwa ukimkataa, hakujifananisha na simba wala tai. Katika Luka sura ya 13 alijifananisha na kuku jike, mwenye kuwaita vifaranga wake waje wajifiche kwake, nao hawataki. Umemwona kuku mwewe anapoteremka? Hana pembe, hana meno. Ana mabawa tu na kifua chake, na pigo likija litampata yeye kwanza. Ndivyo alivyofanya Bwana wetu msalabani. Deni ninaloweza kulipa, ameniagiza nikalipe. Deni nisiloweza kulifikia, amelifunika.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, unayejua tunayoyajua na kuyanyamazia, tupe ujasiri wa kuvuka kijito. Mtetee asemwaye bure leo katika kijiji chake. Mfariji mama aliyepoteza kitu kidogo, ambacho kwake kilikuwa kikubwa. Uwabariki wote wafugao, na wale ambao ubaya wetu umewafikia tusiwajue. Utukusanye sisi sote, wa kila kabila, chini ya mabawa yako. Amina.

Mungu awabariki, wapendwa. Kwaherini, na salamu zangu kwa jirani yako.